Maji ya Meru na Kipimo cha Nane

Takriban miaka 8,000 iliyopita ubavu wa mashariki wa Mlima Meru uliporomoka. Sehemu kubwa ya mlima ilishuka kwa mkupuo mmoja, vifusi vikatapakaa hadi kwenye uwanda unaoelekea Kilimanjaro, na mabonde yaliyobaki kati ya vilima vya vifusi yakajaa maji. Hayo ndiyo maziwa ya Momella, ambayo leo yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha na ambako heroe hujaa ukingoni.

Mawe ya mlima huo ni ya volkeno, yenye sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, na ndani yake imo floraidi. Katika nchi nyingi maji yakipita kwenye mawe yenye floraidi, kalsiamu huikamata na kuishusha chini ikiwa chumvi isiyoyeyuka. Chini ya Meru kalsiamu haitoshi kwa kazi hiyo. Floraidi inabaki huru ndani ya maji, ikatoka nayo kwenye chemchemi, ikateremka nayo mtoni, ikaingia nayo kisimani, kisha ndooni na sufuriani.

Mwaka 1984 mwanajiolojia J. T. Nanyaro na wenzake walichapisha vipimo vya maji ya eneo hilo. Katika mito walikuta miligramu 12 hadi 76 za floraidi kwa kila lita. Katika chemchemi walikuta 15 hadi 63, na katika madimbwi na maziwa ya magadi 60 hadi 690. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa maji ya kunywa, na kikomo cha floraidi kilikuwa miligramu 1.5. Ukivuka mpaka na kufuata Bonde la Ufa hadi Kenya, Ziwa Nakuru limewahi kupimwa likakutwa na miligramu 2,800, kiwango kinachotajwa kuwa cha juu kuliko vyote vilivyopata kuonekana katika maji ya asili.

Floraidi haina harufu, haina rangi, na ulimi hauigundui. Maji ya Mto Maji ya Chai ni ya kahawia, lakini rangi hiyo si ya floraidi, na mito jirani yenye maji maangavu inaweza kuwa na floraidi nyingi vilevile. Kuyachemsha hakusaidii. Mvuke unaondoka, floraidi inabaki, na maji yanayobaki sufuriani yanakuwa na floraidi nyingi zaidi kwa kila lita kuliko yalipobandikwa jikoni. Mama aliyefundishwa vizuri kliniki kuchemsha maji ili kumkinga mtoto na kuhara anafanya jambo la lazima kabisa, lakini kuondoa floraidi hakumo katika uwezo wa moto.

Dalili ya kwanza watu waliiona midomoni mwao. Kijana wa Arusha anayefika Dar es Salaam kutafuta kazi au kusoma hutambuliwa kwao kabla hajapataja. Meno yake ya mbele yana mistari au mabaka ya kahawia, pengine yamemegeka pembeni. Wapo watakaomwambia anavuta sigara, wapo watakaomwambia hapigi mswaki. Wengi hujifunza kucheka wakiwa wamefumba mdomo au wameuziba kwa kiganja, na hilo linaniuma kila ninapoliona, kwa sababu alama ile haina uhusiano wowote na usafi wa mwenye meno.

Jino linajengwa ndani ya ufizi. Seli zinazotengeneza enameli, lile gamba la nje ambalo ndilo kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu, huanza kwa kuweka utando wa protini, kisha huuondoa polepole huku madini yakishika nafasi yake. Floraidi ikizidi, uondoaji huo unachelewa, na enameli inakamilika ikiwa na vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Jino linapochomoza linakuwa na weupe kama wa chaki. Ukahawia unafuata kwa miezi na miaka, vitundu vinapofyonza rangi za vyakula na vinywaji. Hali ikiwa mbaya zaidi enameli inabanduka vipandevipande. Ujenzi wa meno ya ukubwani, ukiacha magego ya mwisho, unakamilika mtoto akiwa na miaka minane hivi. Aliyehamia Arusha akiwa mtu mzima hapati mabaka. Aliyezaliwa huko akahama akiwa na miaka kumi anaondoka nayo hadi uzeeni.

Watu wengine waliobeba alama hiyo walikuwa mbali sana na Meru. Mwaka 1901 John Eager, daktari wa serikali ya Marekani aliyekuwa akiwakagua wahamiaji katika bandari ya Naples, Italia, aliandika kuhusu meno yenye madoa meusi ya watu waliotoka sehemu fulani za pwani ile. Mwaka huohuo daktari kijana wa meno, Frederick McKay, alifungua ofisi katika mji wa Colorado Springs, chini ya milima ya Rockies, akashangaa kukuta karibu kila mzaliwa wa pale ana meno ya kahawia. Vitabu alivyosoma chuoni havikuutaja ugonjwa huo. Wenyeji walikuwa na sababu zao: nyama ya nguruwe imezidi, maziwa ni mabovu, maji yana kalsiamu nyingi. Kila jamii iliyoishi na meno haya imewahi kujipa maelezo, na mara nyingi maelezo hayo yamemlaumu mwenye meno.

McKay hakuacha. Mwaka 1909 alimpata G. V. Black, bingwa mkubwa wa udaktari wa meno wa Marekani wa wakati ule, akaja kufanya kazi naye. Hesabu iliyofanywa kabla ya kufika kwake ilionyesha kwamba karibu asilimia 90 ya watoto waliozaliwa mjini pale walikuwa na madoa. Hadi Black alipofariki mwaka 1915 walikuwa wamethibitisha mambo mawili. Kwanza, mtu ambaye meno yake yalikwisha kukamaa kabla ya kuhamia pale hakupata doa. Pili, na hili liliwashangaza, meno yale yenye sura mbaya hayakuwa yakioza kama ilivyotarajiwa.

Jibu lilikuwa majini, na McKay alilikaribia mwaka 1923 katika mji mdogo wa Oakley, jimbo la Idaho. Wazazi walimweleza kuwa madoa yalianza baada ya mji kujenga bomba la kuleta maji kutoka chemchemi ya moto iliyokuwa maili tano nje ya mji. Aliyapima maji hayo asione kitu, lakini aliwashauri wayaache wachukue chemchemi nyingine. Walikubali. Miaka michache baadaye watoto wadogo wa Oakley walianza kuota meno meupe. Walikuwa wameuondoa ugonjwa bila kujua jina la kinachousababisha.

Jina lilipatikana katika mji wa Bauxite, Arkansas, uliomilikiwa na kampuni ya alumini ya Alcoa. Watoto wa Bauxite walikuwa na madoa, na wa mji wa Benton, maili chache kutoka pale, hawakuwa nayo. Habari hizo zilimtia wasiwasi H. V. Churchill, mkuu wa wakemia wa Alcoa, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akipambana na uvumi kwamba sufuria za alumini zina sumu. Aliagiza maji ya Bauxite yapimwe kwa chombo cha kisasa kuliko vyote vya maabara yake. Jibu lilisema floraidi. Hakuamini, akaagiza sampuli nyingine, jibu likawa lilelile: sehemu 13.7 kwa milioni, sawa na miligramu 13.7 kwa lita. Januari 1931 alimwandikia McKay barua. Upelelezi ulikuwa umechukua miaka thelathini.

Kuanzia hapo historia ya floraidi ikawa historia ya tarakimu. Serikali ya Marekani ilimpa kazi daktari wa meno Trendley Dean, naye akazunguka miji akilinganisha midomo ya watoto na maji ya mabomba yao. Alikuta kwamba maji yenye miligramu moja hivi kwa lita hayaachi madoa yenye kuonekana kwa watoto wengi, na bado meno ya watoto hao yanatoboka kidogo kuliko ya wengine. Tarehe 25 Januari 1945 Grand Rapids, jimbo la Michigan, ukawa mji wa kwanza duniani kuongeza floraidi katika maji yake kwa makusudi, na watoto wa shule karibu 30,000 walifuatiliwa kwa miaka kumi na mitano. Miongoni mwa waliozaliwa baada ya kuanza kwa mpango huo, kuoza kwa meno kulipungua kwa zaidi ya asilimia 60.

Sayansi ya kinga hiyo leo inaeleweka vizuri. Mtu akila sukari, bakteria walioko kwenye meno huigeuza kuwa asidi, na asidi huyeyusha madini ya enameli. Mate huyarudisha madini hayo pole kwa pole. Floraidi kidogo ikiwemo kwenye mate, madini yanarudi haraka zaidi, na fuwele zinazojengwa upya haziyeyuki kwa urahisi kama zile za mwanzo. Kwa hiyo faida kubwa ya floraidi hupatikana juu ya jino lililokwisha kuota, kwa kuligusa, na ndiyo maana dawa ya meno inafanya kazi ingawa tunaitema. Madhara yake hupatikana kwa kumezwa. Tofauti hiyo ingefaa kuandikwa ukutani katika kila kliniki ya watoto kuanzia Usa River hadi Naivasha: dawa ya meno yenye floraidi ni rafiki wa jino, mtoto mdogo apakiwe chembe tu kwenye mswaki, asimamiwe na ateme.

Wamarekani wanaisimulia habari hii kama ushindi, nao wana haki ya kufanya hivyo. Hata ubishi wao wa siku hizi, ulioifanya Utah kupiga marufuku uongezaji wa floraidi majini mwaka 2025, unahusu maji yenye miligramu 0.7. Anayeishi Ngare Nanyuki, mashariki ya Meru, akiusikiliza ubishi huo anasikia habari za sayari nyingine.

Upande wa mifupa ulifunguliwa na watu wengine kabisa. Mwaka 1932 madaktari wa Denmark, Møller na Gudjonsson, waliwapiga picha za eksirei wafanyakazi wa kiwanda cha Copenhagen kilichosaga kriolaiti, jiwe lenye floraidi lililochimbwa Greenland. Walikuwa wakitafuta madhara ya vumbi mapafuni. Picha zikaonyesha mifupa myeupe kupita kawaida, iliyojaa madini hadi alama zake za ndani hazionekani. Kaj Roholm aliwachunguza wafanyakazi 68 wa kiwanda hicho, akakuta wengi wao wana mabadiliko hayo, na mwaka 1937 akatoa kitabu ambacho bado ni msingi wa somo hili. Mwaka huohuo H. E. Shortt na wenzake walieleza ugonjwa uleule katika wilaya ya Nellore, kusini mwa India. Hapo hapakuwa na kiwanda wala vumbi. Wakulima walikuwa wakinywa maji ya visima vyao, na migongo yao ilikuwa ikikakamaa.

Karibu floraidi yote inayobaki mwilini huishia kwenye mifupa na meno. Mwili wa mtu mzima hutoa nusu hivi ya floraidi inayoingia kwenye damu kwa njia ya mkojo, lakini mtoto, ambaye mifupa yake inakua, hubaki na sehemu kubwa zaidi. Miaka ikipita mfupa unakuwa mnene na mzito bila kuwa imara zaidi, kano zinazoushikilia zinageuka kuwa ngumu kama mfupa, shingo haigeuki, mgongo haunyooki. Mtoto anayekosa kalsiamu ya kutosha katika chakula huathirika kwa namna nyingine: mifupa ya miguu inalegea chini ya uzito wa mwili, ikapinda. Wengine hupata matege, wengine magoti yao hugongana wanapotembea.

Katika miaka ambayo wanasayansi walikuwa wakihesabu miligramu huko ng'ambo, Wameru walikuwa na vita vyao. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki, mashariki ya mlima, ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa na kueleza dhuluma hiyo kwa Kiswahili. Kesi ile ya ardhi ya Meru imo katika historia ya uhuru wetu, na inastahili kuwemo. Mto unaopita katika ardhi hiyohiyo una floraidi zaidi ya miligramu 20 kwa lita. Wazee waliopigania bonde lile walipigania malisho, mashamba na makaburi ya baba zao, na walirudi kuishi humo wakinywa maji yaliyokuwa yakiwadhuru watoto wao, bila mtu yeyote mwenye chombo cha kupimia kuwa amewaambia.

Kenya ilikuwa na ripoti ya awali kuhusu meno mwaka 1953. Kwa upande wetu, kazi iliyofungua macho ilitoka mwaka 1964, pale P. Grech na Michael Latham walipochapisha taarifa juu ya ugonjwa huu katika kaskazini ya Tanganyika, na picha za mifupa zikiwemo. Latham alizaliwa Kilosa, alifanya kazi ya udaktari nchini kwa miaka mingi, na baadaye akajulikana duniani kwa masuala ya lishe. Baada ya taarifa hiyo haikuwezekana tena kusema kwamba ni suala la sura ya meno tu.

Kisha ikaja ahadi kubwa. Mwaka 1971 serikali ilianzisha mpango wa miaka ishirini wa maji vijijini: ifikapo 1991 kila mwananchi awe na maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Visima vilichimbwa, mabomba yakatandazwa, na nchi ikahitaji viwango vya ubora wa maji. Viwango vya muda vilitolewa mwaka 1974. Kwa floraidi, kikomo kiliwekwa miligramu 8.

Sababu ya nane si siri. Kama kingewekwa kipimo kilichokaribia cha kimataifa, visima vingi vya Arusha, Kilimanjaro, Singida na Shinyanga vingepaswa kufungwa, na hapakuwa na maji mengine ya kuwapa watu. Siwahukumu wahandisi wale. Kipindupindu huua kwa siku moja, floraidi hupinda mfupa kwa miaka kumi, na anayelazimika kuchagua kati ya hayo mawili atachagua kisima. Ninachokilaumu ni jinsi jambo la muda lilivyozoeleka. Nane ilidumu kwa takriban miaka thelathini kabla kikomo hakijateremshwa hadi 4, na baadaye hadi 1.5. Katika miaka hiyo yote mradi wenye miligramu 7 ulihesabiwa kuwa mradi wa maji safi na salama, na wananchi walipiga vigelegele siku ya kuufungua. Mwaka 1984 huko Kenya, wataalamu waliokusanya vipimo vya visima zaidi ya 1,000 nchini mwao walikuta asilimia 61 vina zaidi ya miligramu moja, na karibu asilimia 20 vina zaidi ya tano. Tatizo lilikuwa la Bonde la Ufa zima. Kule Ethiopia, wafanyakazi wa mashamba ya miwa ya Wonji, waliokunywa maji ya visima vya kampuni kwa miaka mingi, walianza kuonekana hospitalini wakiwa na migongo iliyokakamaa.

Katikati ya habari hii ya maji kulikuwa na jambo ambalo wapimaji wa maji hawakuliona kwa sababu lilikuwa jikoni. Magadi, yale mawe na unga unaotoka Ziwa Natron au unaokwanguliwa juu ya ardhi wakati wa kiangazi, huuzwa sokoni karibu kote nchini. Kipande kidogo kwenye sufuria ya maharage au makande huyaivisha haraka na kuokoa kuni. Mlenda bila magadi, kwa wengi, haunogi. Uchagani huwekwa hata kwenye kiborou, chakula cha ndizi na maharage anachoanzishiwa mtoto. Na magadi yana floraidi, mengine kidogo, mengine nyingi sana, hasa yale ya kukwangua ardhini. Mnunuzi hawezi kuyatofautisha kwa macho.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1998, ambao watafiti wa Tanzania na Marekani waliufanya pamoja, ulilionyesha hili waziwazi. Walilinganisha watoto wa sehemu tatu, mbili kati yake zikiwa na maji yenye floraidi kidogo mno: Kibosho, juu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na Chanika, karibu na Dar es Salaam. Watoto wa Chanika walikuwa na meno safi. Wa Kibosho, wanaokunywa maji mazuri ya mlimani, walikuwa na mabaka makali. Kibosho wanapikia magadi, Chanika hawapikii. Watafiti walitaja pia mwinuko wa mahali kuwa huenda unachangia. Lakini kwa mama wa Kibosho fundisho lilikuwa jikoni kwake, na lilikuwa gumu kupokelewa, kwa kuwa anayemwambia aache magadi anamwambia pia atafute kuni zaidi.

Jitihada za kuyasafisha maji zina makao yake Ngurdoto, Arumeru, ambako Wizara ya Maji iliweka kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi. Oktoba 1995 wataalamu kutoka nchi mbalimbali walikutana hapo katika warsha ya kwanza ya kimataifa kuhusu kuzuia ugonjwa huu na kusafisha maji. Njia mbili zilishindanishwa. Moja ilitoka Nalgonda, India, ilikobuniwa miaka ya sabini: unatia shabu na chokaa ndooni, unakoroga, unaacha usiku kucha, asubuhi unachota maji ya juu na kumwaga tope. Vifaa vyake ni rahisi, lakini inataka mkono wa kupima kila siku, na maji yenye floraidi nyingi kama ya Meru hayashuki hadi 1.5.

Njia ya pili ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe inachukuliwa machinjioni, inachomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, inapondwa na kuchekechwa, kisha inajazwa kwenye ndoo au tangi ambalo maji hupitishwa. Ikiungua kidogo maji yananuka na yana ladha mbaya. Ikiungua kupita kiasi inakuwa nyeupe na inapoteza nguvu. Ikiungua vizuri, inanasa floraidi kwa sababu ileile iliyosababisha maradhi: madini ya mfupa yanaipenda floraidi. Mfupa wa ng'ombe ndani ya ndoo unaipokea kabla haijafika kwenye mfupa wa mtoto. Sijui kanuni nyingine ya sayansi iliyo nyofu kuliko hii. Jimbo Katoliki la Nakuru liliichukua njia hiyo tangu miaka ya tisini, likatengeneza machujio ya familia na ya shule. Si kila nyumba iliikubali. Mwislamu alitaka uhakika kwamba hamna mfupa wa nguruwe, Mhindu alikataa wa ng'ombe. Mwaka 2015 Askwar Hilonga, mzaliwa wa Karatu na mhandisi kemia wa Taasisi ya Nelson Mandela mkoani Arusha, alishinda tuzo ya kwanza ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza kwa chujio linalochanganya mchanga na chembe ndogo mno zinazoweza kupangwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali, floraidi ikiwemo.

Kila chujio lina siku yake ya mwisho. Baada ya miezi kadhaa mkaa wa mifupa unashiba, na kuanzia hapo maji yanapita na floraidi yake. Maji hayabadiliki rangi wala ladha, na mama anaendelea kuwapa watoto akiamini wamekingwa. Miradi mingi mizuri imefia hapa, baada ya wafadhili kuondoka na chombo cha kupimia kuondoka nao.

Mwaka 2013 ulitoka utafiti kutoka kusini-magharibi ya Wilaya ya Hai, kijiji cha Tindigani kikiwemo, hatua chache kutoka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ambako watalii hushuka. Ulieleza watoto na vijana ambao miguu yao imepinda kwa floraidi. Nusu karne ilikuwa imepita tangu taarifa ya Grech na Latham. Mwaka 2024 mpango wa serikali ya Marekani wa uchunguzi wa sumu ulihitimisha, kwa uhakika wa wastani, kuwa maji yenye zaidi ya miligramu 1.5 yanahusiana na kushuka kwa uwezo wa akili wa watoto. Watoto wa Meru wamekunywa mara kumi ya hapo.

Jiji la Arusha limepata mradi wa maji wa shilingi bilioni 520, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na mchango wa serikali, wenye visima vipya vilivyochimbwa kwenye maeneo yenye maji bora. Kwa wakazi wa mjini ni mabadiliko makubwa, na matokeo yake yatasomeka midomoni mwa watoto watakaoota meno ya ukubwani baada ya miaka sita au saba. Vijiji vya mashariki ya mlima havimo katika bomba hilo. Huko maji ya kufulia, kunyweshea ng'ombe na kumwagilia nyanya yanaweza kuendelea kutoka mtoni. Yanayohitaji kuwa safi ni ya kunywa na kupikia, ndoo moja au mbili kwa siku kwa familia, na kwanza kabisa ya mtoto ambaye hajatimiza miaka minane. Mvua inayoanguka juu ya bati la shule ya msingi karibu haina floraidi kabisa, na tangi la kuikinga linajengwa na fundi wa kijijini.